Programu yako imeandikwa kwa lugha gani?

Aprili 2014, mafundi wa mitandao dunia nzima walihangaika kuziba kosa lililopewa jina la Heartbleed. Lilikuwa ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano kati ya watu na tovuti nyingi mno, na lilikuwa limejificha humo tangu 2012.

Kosa lenyewe halihitaji shahada kulielewa. Kompyuta hupeleka neno fupi kwa seva na kusema: "Neno hili lina herufi nne, nirudishie nijue bado upo." Seva hurudisha. Mdukuzi yeye alipeleka herufi nne, akadai ni zaidi ya elfu sitini. Seva haikuhesabu. Ilitoa zile nne, kisha ikaendelea kuchota chochote kilichokaa jirani kwenye kumbukumbu: nywila za watu, hata ufunguo wa siri wa tovuti. Kanada, namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao 900 ziliibwa kwa njia hiyo kutoka mamlaka ya kodi.

Ni rahisi kumlaumu aliyeandika mistari ile. Mimi naona lawama hiyo haifiki kwenye mzizi. OpenSSL imeandikwa kwa C, lugha iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, Marekani. C ina kasi kubwa, lakini kazi ya kulinda mipaka ya kumbukumbu humwachia mwandishi peke yake. Akipitiwa mara moja, hata awe bingwa, lugha inanyamaza. Java, Python, Go na Rust kwa kawaida hukagua mpaka zenyewe. Pa kuchota vya jirani hapapatikani.

Na si kosa la nadra. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu inaouziba kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu. Google nayo ilikuta kiwango kama hicho kwenye Chrome. Kinachonipa moyo zaidi ni Android, iliyomo kwenye simu za wengi wetu: sehemu ya makosa hayo ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Msimbo wa zamani haukufutwa. Kilichobadilika hasa ni kwamba msimbo mpya ulizidi kuandikwa kwa lugha salama, kama Rust.

Lugha salama haizibi kila tundu, lakini. Log4j, programu inayonakili matukio ya mfumo, na ambayo kosa lake lilitikisa dunia Desemba 2021, ni ya Java. Kumbukumbu yake ilikuwa salama. Shida ni kwamba ilitii amri iliyofichwa ndani ya maandishi iliyotakiwa kuyanakili tu.

Kwa hiyo taasisi inaponunua mfumo, imuulize muuzaji: sehemu inayopokea data kutoka nje imeandikwa kwa lugha gani? Akijibu C au ndugu yake C++, aeleze anaikagua vipi, na nani ataleta masahihisho siku kosa likigundulika.