Ugumu wa springi: kwa nini pikapu tupu inadunda

Panda pikapu ya zamani ya Land Cruiser kutoka Mtwara mjini kwenda Newala ikiwa tupu. Utingo nyuma anashikilia bomba kwa mikono miwili, na kila shimo analisikia mgongoni. Pikapu hiyohiyo ikirudi na magunia ya korosho inatulia hadi mtu anasinzia juu ya mzigo. Tofauti hiyo inatokana na ugumu wa springi.

Ugumu wa springi ni uzito unaotakiwa ili springi ishuke kwa kipimo fulani. Tuseme springi moja ya nyuma inashuka sentimita 1 kwa kila kilo 60. Tairi likipanda jiwe la sentimita 5, springi inaisukuma bodi kwa nguvu ya kilo 300 zaidi. Ikiwa inabeba kilo 900, msukumo huo ni theluthi tu ya uzito, na bodi inayumba kidogo. Ikiwa inabeba kilo 300, msukumo umelingana na uzito wote: hapo gari linarusha watu. Springi haijaharibika. Imetengenezwa kwa ajili ya mzigo, na mzigo haupo. Hadi 1999 pikapu hizi zilikuwa na springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Baadaye mbele zikawekwa koili (springi za chuma kilichozungushwa), nyuma majani yakabaki kwa sababu ya kazi hiyohiyo ya kubeba.

Wengi hukimbilia kung'oa jani moja au mawili. Kweli gari linalainika, lakini msimu wa korosho ukifika majani yaliyobaki yanabeba kazi ya yaliyotolewa, na jani huvunjika mbali na gereji. Kwa gari litakalopakia tena, sikushauri kabisa.

Kabla ya kuigusa idadi ya majani, angalia kama yanateleza. Springi ikipinda, jani husuguana na jani. Gari lililolala miaka mingi Mikindani au Kilwa Masoko, karibu na chumvi ya bahari, majani yake hushikwa na kutu hadi yanakuwa kama chuma kimoja. Mishtuko midogo haiwezi kuyapinda, kwa hiyo inapita moja kwa moja kwenye chesisi. Fundi ayafungue, ayasugue kwa brashi ya waya, ayapake grisi na kubadilisha bushi zilizokufa, yaani vipande vya duara vinavyovaa boliti kwenye ncha za springi. Bushi za mpira zisipakwe grisi hiyo, maana mafuta huuvimbisha mpira. Na boliti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likining'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota na unachanika mapema. Kazi hii ni ya siku nzima, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Shokapu ni jambo lingine. Haibebi mzigo; inazuia springi isiendelee kucheza, kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto la mafuta yaliyomo ndani. Ukitoka kwenye barabara mbovu, zisogezee mkono kwa tahadhari: iliyobaki baridi wakati wenzake ni moto haifanyi kazi. Kununua shokapu ngumu zaidi hakutalainisha gari.

Upepo wa matairi unarekebishwa bure. Upepo wa kubebea tani moja kwenye gari tupu hulifanya tairi kuwa gumu kama gogo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, fuata kiwango cha gari tupu kilichoandikwa mlangoni, na usikimbize gari lenye upepo mdogo kwenye lami, kwa sababu tairi hupata joto na kupasuka.

Madereva wa zamani wana njia yao: viroba kadhaa vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, vimefungwa kamba visihame. Ukirudi kwenye hesabu ile ya kilo 300, utaona kwa nini inafanya kazi. Dizeli itaongezeka kidogo, na viroba vishushwe kabla ya gunia la kwanza la korosho kupanda.