Kulinganisha sehemu: mtoto ajuaje ipi kubwa?

Kulinganisha sehemu ni kuamua ipi kubwa, ipi ndogo, au kama ziko sawa, pale zote mbili zinapotoka katika kizima kimoja au vizima vyenye ukubwa uleule. Sharti hilo la mwisho husahaulika sana. Nusu ya chapati ndogo yaweza kuwa ndogo kuliko robo ya chapati pana kama sinia. Mtoto anayesema hivyo hajakosea. Kakosea aliyemwekea mezani chapati zisizolingana.

Sehemu ina namba mbili. Ya chini, yaani asili, husema kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu, yaani kiasi, huhesabu vipande vilivyochukuliwa. Asili inatupa ukubwa wa kipande, kiasi kinatupa idadi. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa: tunasema robo tatu (3/4), theluthi mbili (2/3), thumuni tano (5/8), kitu kwanza halafu idadi, kama mayai matatu. Mtoto asome 3/4 "robo tatu" kabla ya "tatu juu ya nne", maana hiyo ya pili humwonyesha namba mbili zilizopandana tu. Robo kaishaisikia akitumwa dukani: robo kilo ya sukari ni gramu 250, nusu ni 500.

Kosa la kwanza linajulikana na kila mwalimu wa P.3, darasa la tatu la msingi kwetu Uganda. Mtoto anasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu 8 inaishinda 4. Usimkatalie kwa maneno. Mpe chapati ya karatasi aliyoikata mwenyewe kwa kufuatisha ukingo wa sahani. Akunje mara moja, apate nusu. Mara ya pili, robo. Mara ya tatu, thumuni. Kila anapokunja vipande vinaongezeka na kipande kinapungua mkononi mwake. Watu wanne wakigawana chapati na wanane wakigawana nyingine kama hiyo, akae kundi gani ashibe?

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu mara nyingi tumelipanda sisi. Mtoto kafundishwa "asili ikikua, sehemu inapungua", kaikariri, sasa anasema 7/8 ni ndogo kuliko 1/2. Kanuni hiyo ni kweli pale kiasi kinapofanana tu: 3/8 na 3/4, kwa mfano. Asili zikifanana, linganisha idadi: 5/8 inazidi 3/8. Vyote viwili vikitofautiana, kanuni haisemi lolote, na hapo ndipo mtoto anahitaji kitu cha kupimia.

Kitu hicho ni kanda za karatasi. Chukua manila au kalenda ya zamani, ukate kanda sita za urefu wa sentimita 24 na upana wa 3. Namba 24 haikuchaguliwa ovyo: nusu inakuwa sentimita 12, theluthi 8, robo 6, sudusi (1/6) 4, thumuni 3, bila desimali hata moja. Ukanda mmoja ubaki mzima. Nyingine piga mistari kwa rula, usikate, ili kizima kionekane daima. Humusi (1/5) ziache kwanza, zingekuwa sentimita 4.8. Panga kanda moja chini ya nyingine, ncha za kushoto zikiwa kwenye mstari mmoja. Ncha zikipishana hata kidogo, jibu linaharibika. Theluthi mbili inafika sentimita 16, robo tatu inafika 18. Robo mbili inafika 12, palepale ilipo nusu, na mtoto anaona kuwa "ziko sawa" nalo ni jibu. Kanda zinafaa kuliko michoro ya duara, kwani anayegawa duara kwa mistari miwili ya wima huishia na theluthi zisizolingana.

Akishazoea, mzoeshe kupima kwa nusu bila kugusa kanda. 3/8 na 4/6: nusu ya 8 ni 4, kwa hiyo 3/8 haijafika nusu, nusu ya 6 ni 3, kwa hiyo 4/6 imeipita. Kwisha.

Kuzidisha kwa kukatisha, yaani kiasi cha kila sehemu mara asili ya mwenzake, kama 2 × 4 dhidi ya 3 × 3 kwa 2/3 na 3/4, kungoje kwanza. Kunatoa jibu sahihi, lakini mtoto hajui kwamba zile 8 na 9 ni vipande vya kumi na mbili, 8/12 na 9/12. Tena katika shule nyingi za Uganda, hasa vijijini, P.1 hadi P.3 hufundishwa kwa lugha ya nyumbani na Kiingereza hushika usukani kuanzia P.4. Sehemu ambazo hajazishika kwa mikono kabla ya hapo humjia pamoja na lugha mpya, mizigo miwili kwa mpigo.

Kujua kama ameelewa, muulize 5/6 na 7/8. Wengi watasema ziko sawa, kila moja imepungukiwa kipande kimoja. Muulize kipande gani. Ya kwanza imepungukiwa sudusi, sentimita 4. Ya pili thumuni, sentimita 3. Iliyopungukiwa kidogo ndiyo kubwa. Mwache aitafute mwenyewe kwenye kanda, hata kengele ikilia.