Kwa nini duka la mhamiaji huuza mboga bora kwa bei ndogo kuliko supamaketi ya kifahari?

Chukua fungu moja la giligilani, ile ambayo wengine huiita kotimiri au dania. Kwenye duka la Wahindi au la Wameksiko katika mji mkubwa wa Marekani utalikuta limelazwa kwenye kreti, limefungwa kwa mpira, mizizi ingalipo na udongo kidogo umeng'ang'ania. Kwenye supamaketi ya kifahari, giligilani hiyo hiyo ni vijitawi vichache ndani ya kisanduku cha plastiki, na bei imepanda. Mnunuzi anajiambia: cha rahisi lazima kina kasoro. Kasoro ipo kweli, ila si pale anapoitafuta.

Tuanze na njia ya mzigo. New York ina soko kubwa la jumla la mboga na matunda, Hunts Point, lililofunguliwa mwaka 1967. Hata hivyo, maduka ya Chinatown, mtaa wa Wachina huko Manhattan, yamejijengea njia yao: wauzaji wa jumla wenye maghala madogo jirani na mtaa, wanaopata mboga hata kutoka kwa wakulima wadogo wa Florida na Honduras. Duka lenyewe ni finyu, halina stoo ya maana wala chumba cha baridi. Mwenye duka afanyeje? Anaagiza kidogo kidogo, na cha leo kinatoka leo. Supamaketi kubwa hupitisha mzigo kwanza kwenye ghala kuu la kampuni, na huko siku kadhaa hupita. Kwa hiyo ule ubichi tunaousifu mara nyingi umeletwa na ukosefu wa nafasi.

Kisha kuna umbo. Madaraja ya mboga na matunda kwa sehemu kubwa hupima kinachoonekana kwa macho: ukubwa, rangi, madoa. Umoja wa Ulaya uliwahi kuweka kanuni, mwaka 1988, kwamba tango la madaraja ya juu lisipinde zaidi ya milimita 10 kwa kila sentimita 10 za urefu. Watu waliicheka sana, ingawa haikuwa upuuzi mtupu: matango yaliyonyooka hupangika sandukuni na kuhesabika upesi. Ilikoma mwaka 2009, lakini mazoea ya wanunuzi wakubwa hayakukoma nayo. Tango lililopinda bado hutafuta mteja asiyejali, na mwenye duka dogo hulichukua kwa bei ya chini.

Embe lililoiva nalo lina kisa chake. Likibakiwa na siku mbili tu, anayeinunulia supamaketi mzigo halitaki, kwani litamwozea kwenye rafu. Mwenye duka dogo anajua wateja wake watalila usiku huu. Hiyo ndiyo kasoro niliyoitaja: unanunua utamu uliokwisha kukomaa, na siku chache za kuufaidi. Ukilisahau jikoni hadi mwisho wa wiki, unafuu wote umeutupa jalalani.

Kwenye viungo tofauti ndiyo kubwa kabisa. Duka la Wahindi la Patel Brothers lilipofunguliwa mwaka 1974 katika barabara ya Devon, Chicago, liliwalenga watu wanaopika kwa viungo kila siku. Mteja wa namna hiyo hununua bizari kwa mfuko na kuumaliza, kwa hiyo haikai ikapoteza harufu. Katika kichupa cha gramu 40 unalipia pia kioo, kifuniko na lebo.

Wala supamaketi si mwizi. Kwa kawaida maduka ya vyakula Marekani hubakiwa na faida halisi ya senti 1 hadi 3 kwa kila dola. Kodi ya pango na mishahara humeza mno. Katika duka la familia, mtoto anayetoka shule na kuketi kwenye kaunta hayumo kwenye daftari la mishahara. Sehemu ya unafuu wako ameilipia yeye, jambo ambalo wasifiaji wa bei rahisi hulipita kimya.

Kwa samaki na nyama mimi huangalia barafu na usafi kabla ya bei, na kwa maziwa husoma tarehe, duka liwe la nani. Kwa majani sisiti. Ile giligilani ya kwenye kreti ukiisimamisha kwenye glasi ya maji, itakaa mbichi siku nyingi kuliko ya kisanduku, kwa sababu ya ile mizizi yenye udongo.