Kabla hujamkata mtoto udata

Mzazi anayeniletea mtoto wa miaka mitatu asiyesema huwa ameshazunguka. Yupo aliyemkata mtoto udata, yupo aliyeambiwa ni kimeo, na yupo shangazi aliyewatuliza wote kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Nafanya kazi ya tiba ya usemi na lugha hapa Dar es Salaam, na wengi wa watoto hao hukutwa na usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake. Swali la wazazi ni lile lile: atasema lini?

Tuanze na udata. Utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi mno unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye kutamka baadhi ya sauti. Haumzuii kutaka kusema. Mtoto mwenye udata tu atakuvuta nguo, atakuonyesha ndege angani, atakutazama usoni ajue kama nawe umeiona, na ataongea maneno yake yasiyoeleweka mchana kutwa. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ndiyo kabisa, hakihusiki na kuanza kusema, na kukikata kienyeji kumeua watoto kwa kutokwa damu na maambukizi.

Mimi kabla ya ulimi natazama kidole. Watoto wengi wakishapita mwaka mmoja huanza kunyoosha kidole, na si kwa kuomba tu. Wanataka mtazame pamoja. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Humshika mama mkono na kuubandika kwenye mlango wa friji, kama vile mkono ule ni ufunguo. Anaomba bila kumtazama anayemwomba. Maneno huota juu ya kule kutazama pamoja, kupokezana na kungojana, na huko ndiko mtoto huyu anakohitaji msaada. Ulimi wake haukufungwa.

Masikio nayo yapimwe, tena mapema, hata kama nyumbani mna hakika anasikia kwa sababu pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio. Mtoto anaweza kusikia sauti fulani na nyingine zikampita.

Kuna kundi jingine linalowachanganya wazazi zaidi, nalo linaongezeka tangu simu ziingie mikononi mwa watoto. Mtoto anahesabu hadi hamsini kwa Kiingereza cha katuni, anataja rangi zote na maumbo yote, wageni wanapiga makofi, na hajawahi hata siku moja kusema "mama, nina njaa". Katuni inarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile na haimtaki ajibu chochote, basi ameyachukua mazima. Nyumbani hali ni hiyo hiyo: akiwa na kiu anasema "unataka maji?", kwa kuwa ndivyo anavyosikia kila maji yanapokuja. Daktari Leo Kanner, aliyeeleza usonji mwaka 1943 kwa kufuatilia watoto 11, aliyaona haya haya. Wanane kati yao walisema, lakini walirudisha maneno kama walivyoyasikia, "wewe" ikabaki "wewe" hata pale walipojisema wenyewe. Watatu hawakusema.

Kwa hiyo mtoto akisema "unataka maji?" usimgombeze kwamba anakuiga. Amekuomba. Mwambie kwa nafasi yake, "nataka maji", kisha mpe. Usiyazuie maji mpaka atamke vizuri. Kiu haifundishi sarufi.

Nirudi kwenye swali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwaangalia watoto 535 wenye usonji ambao walifika miaka minne bila kuunga maneno. Asilimia 70 walikuja kuunga maneno baadaye, na asilimia 47 wakaja kuzungumza kwa ufasaha. Nawasomea wazazi namba hizo zote mbili, kisha nawaonyesha ile asilimia 30 iliyobaki, kwa sababu hakuna anayejua leo mtoto wako ataangukia wapi, na huwezi kumweka bila njia ya kusema "sitaki" au "jino linauma" kwa miaka minne ukisubiri sauti itoke.

Njia ipo, na ni picha. Piga picha kikombe chake, choo chenu, embe, bembea, viatu vyake vya kutokea. Zichapishe steshenari, ziwekewe plastiki. Akitaka embe akupe picha ya embe mkononi, nawe umpe embe papo hapo. Mara za kwanza atahitaji mtu wa pili wa kumwongoza mkono kutoka nyuma, bila maneno. Kuna baba hunijia juu hapa: "Sasa si atazoea picha, asiseme kabisa?" Tafiti zimeliuliza swali hilo mara nyingi, na mapitio yaliyozikusanya mwaka 2006 hayakukuta mtoto hata mmoja aliyepungukiwa usemi kwa kutumia picha au ishara, wengi waliongeza. Akishajua kwamba kupeleka ujumbe kunaleta jibu, ana sababu ya kusema.

Lugha ya nyumbani msiiache. Nimewapokea wazazi walioambiwa na shule waongee Kiingereza tu na mtoto ili asichanganyikiwe, na sasa bibi mwenye Kipare chake anakaa kimya mbele ya mjukuu. Watoto wenye usonji wanaweza kujifunza lugha mbili, na haziwacheleweshi kuliko wenzao wenye usonji wanaokua na lugha moja.

Pale ambapo hana neno wala picha, mwili husema. Mtoto aliyekuwa mtulivu ameanza ghafla kujipiga taya: angalia meno na masikio kabla ya kusema ana kiburi. Anajikunja na kulia jioni: muulizeni dada wa kazi alienda choo kikubwa lini. Kwa wengine chanzo ni kelele za blenda, au spika za harusi ya jirani, ambazo kwao zinauma kweli. Bakora hapa inamfundisha kwamba nikiumwa napigwa.

Kuhusu madai kwamba chanjo huleta usonji nitasema kwa ufupi. Baadhi ya watoto hupoteza maneno waliyokuwa nayo kati ya mwaka na miaka miwili, na dozi ya pili ya surua-rubela kwetu hutolewa miezi 18, hivyo mambo hayo mawili hukutana kwenye kalenda. Makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield iliyoanzisha shutuma hiyo, yenye watoto 12 tu, ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Denmark walifuatilia watoto 657,461 na hawakuona uhusiano. Surua inaua, usiache chanjo.

Na mama aachwe. Miaka ya 1950 na 1960 huko Marekani walisema usonji unaletwa na mama mwenye moyo wa barafu, hadi mwanasaikolojia Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alipoipinga hoja hiyo mwaka 1964, na utafiti wa mapacha wa 1977 ukaonyesha nguvu ya urithi. Kwetu lawama imevaa nguo nyingine: alirogwa, alitoka usiku na mimba, ukoo wao ndivyo ulivyo. Ndugu wanaouliza wasaidie nini nawaambia wasilete dawa wala ushuhuda. Njooni Jumamosi mkae na mtoto kwa muda wa saa tatu, mama alale. Kama huwezi kukaa naye peke yako, mchukue kaka yake mkacheze mpira, maana naye amesahauliwa.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote ikiwa mtoto wako hukimbia. Wengi huvutwa na maji, na mtoto asiyesema akipotea hawezi kutaja jina lake. Andika namba yako ya simu ndani ya kila shati lake. Funika kisima na mapipa. Kisha mshike mkono uende naye kijiweni kwa bodaboda, dukani kwa Mangi na kwa mjumbe, uwaambie: huyu ni wangu, hasemi, mkimwona peke yake msimkimbize, mshikeni mkono mnipigie.