Mfupa ukionekana kwenye muundi, usingoje kidonda kijifunge

Msimu wa korosho ukianza, bodaboda huongezeka kwenye barabara za Newala, Tandahimba na Masasi, na wodi zetu hupokea miguu iliyovunjika. Mivunjiko mingi hupona kwa plasta au chuma. Inayotusumbua ni ile iliyochana ngozi ya muundi na kuuacha mfupa wazi.

Pitisha kidole mbele ya mguu, chini ya goti. Ni ngozi, kisha mfupa, hakuna nyama katikati. Kwa hiyo ngozi ikiondoka hapo mfupa unabaki peke yake, unakauka, unaingiwa na vijidudu. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kusafishwa na kufungwa bandeji miezi na miezi bila kufunga, huku usaha ukitoka ndani ya mfupa.

Ndugu wa mgonjwa huuliza kwa nini tusikwangue ngozi nyembamba ya paja tukaibandika hapo. Wana haki ya kuuliza, kwa sababu njia hiyo tunaitumia kila mara kwa majeraha ya moto. Lakini ngozi ya kubandika haiji na damu yake. Inaishi kwa damu inayoikuta pale inapowekwa, na mfupa uliovuliwa utando wake, au kano iliyobaki tupu, hauna cha kuipa. Mkulima wa korosho anajua tofauti ya kumwaga mbegu juu ya mwamba na kuhamisha mche pamoja na udongo wake. Flapu ni huo mche: kipande cha ngozi, au nyama, kinachohamishwa kikiwa bado na mshipa wake wa damu.

Tunakitoa wapi? Inategemea kidonda kilipo. Karibu na goti tunageuza sehemu ya msuli mkubwa wa shavu la mguu. Katikati ya muundi tunatumia msuli ulio chini yake. Juu ya misuli hiyo ndipo tunabandika ile ngozi nyembamba ya paja, na sasa inashika. Mgonjwa ataendelea kutembea, maana shavu lina misuli zaidi ya mmoja na iliyobaki hubeba kazi.

Ugumu uko chini, kwenye kifundo na kisigino, ambako hakuna msuli wa kugeuza. Hapo huchukuliwa ngozi ya nyuma ya shavu na kugeuzwa kuelekea chini. Damu yake huingia kupitia mishipa midogo iliyo kama sentimita 5 juu ya kifundo, upande wa nje. Madaktari Donski na Fogdestam waliieleza flapu hii mwaka 1983, kisha Masquelet na wenzake wakaichambua zaidi mwaka 1992. Naipenda kwa sababu haihitaji darubini ya upasuaji. Gharama yake ni ganzi ya kudumu ukingoni mwa mguu, upande wa kidole kidogo, na kovu nyuma ya shavu.

Ipo pia flapu inayokatwa kabisa kutoka mgongoni au pajani na kuungwa mishipa upya chini ya darubini. Kwa wengi wetu hiyo ina maana ya safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na mipango yake isianze baada ya mwezi. Mwaka 1986 daktari Marko Godina wa Ljubljana, mji ambao leo ni mji mkuu wa Slovenia, alichapisha matokeo ya wagonjwa 532 waliofanyiwa flapu za aina hii. Waliofunikwa ndani ya saa 72 walipoteza flapu chini ya asilimia 1. Waliofunikwa baada ya hapo, hadi miezi 3, walipoteza asilimia 12.

Basi ajali ikitokea, osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, funga gango, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apate antibayotiki na sindano ya pepopunda. Majivu, dawa ya meno na ule unga wa vidonge vya rangi mbili visiguse kidonda.

Si kila mguu unafaa. Mwenye kisukari lazima kwanza apimwe kama damu inafika mguuni, na upo mguu ambao kuukata ndiyo tiba bora. Mvuta sigara aache, wiki kadhaa kabla ikiwezekana na kote katika kupona, kwani nikotini huibana mishipa midogo tunayoitegemea. (Ndugu wanaoficha sigara kwenye kikapu cha chakula tunawajua.)

Baada ya upasuaji mguu hukaa juu ya mto, na flapu isilaliwe wala isibanwe na bandeji. Ikipauka na kuwa ya baridi, damu haiingii. Ikivimba na kuwa zambarau, damu inaingia lakini haitoki. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo gusa uone joto lake. Ukiona badiliko mwite muuguzi papo hapo, hata saa nane usiku, kwa sababu kulegeza uzi mmoja mapema kunaweza kuiokoa.

Mguu hushushwa kidogo kidogo, dakika chache kwa siku mwanzoni, kwa maelekezo ya daktari. Aliyewekewa flapu kisiginoni avae kiatu laini na kukagua ngozi hiyo kila jioni, kwa kuwa haihisi kama ya zamani na jiwe dogo ndani ya kiatu linaweza kuitoboa asijue.