Mhadhiri, Leseni Yake na Ufunguo wa Gari la Chuo

Tangu nianze kazi ya afisa usafirishaji katika chuo kikuu hapa Iringa, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko lile la mhadhiri mwenye gari lake mwenyewe, anayekwenda nalo Dar es Salaam na kurudi bila mkwaruzo, ambaye haelewi kwa nini nimnyime ufunguo wa gari la chuo la kumfikisha Mafinga tu. Swali lake ni la haki, na kumjibu kwamba utaratibu hauruhusu ni kumdharau mtu ambaye kazi yake ni kudai sababu. Nitajaribu kuzieleza sababu hizo hapa.

Nianze na leseni yenyewe, kwa kuwa wengi hutazama picha na tarehe, wasitazame herufi. Wahadhiri wengi wanaofika ofisini kwangu wana daraja B au D. Daraja B ni la magari ya kawaida, yaani si pikipiki, si ya biashara, si mazito na si ya abiria. D huongeza ya biashara, lakini mazito na ya abiria hubaki nje. Daraja E ndilo linalofungua mlango wa malori. Daraja C, ambalo ni la magari ya abiria, limegawanywa kwa idadi ya watu: C3 kwa gari dogo la abiria wasiozidi wanne, C2 kwa wasiozidi 15, C1 kuanzia 15 hadi 30, na C yenyewe kwa basi la abiria 30 na zaidi. Hakuna anayeruka moja kwa moja hadi C, kwani mwombaji hutakiwa awe amekaa na C1 au E kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Kwa hiyo Kosta ya chuo inataka dereva wa C1 na basi kubwa linataka wa C. Wapo wanaobisha kwamba wanafunzi wetu hawalipi nauli, hivyo basi la chuo si gari la abiria. Sisi tuliamua kutouingia ubishi huo, tunahesabu viti.

Siku moja uamuzi huo ulinigharimu. Wanafunzi 52 wa jiografia walikuwa waondoke saa 11 alfajiri kwenda kukiona Kimondo cha Mbozi, na dereva wa basi akaamka na homa iliyomlaza. Dereva pekee aliyekuwapo alikuwa na daraja E, mzee wa malori aliyeipita barabara ya Tunduma mara nyingi kuliko mimi nilivyopita ya kwenda nyumbani kwetu. Niliahirisha safari. Mhadhiri aliyeiongoza aliniambia mbele ya wanafunzi wake, "Afisa, unatunyima safari kwa sababu ya herufi?" Nilimjibu kwamba ndiyo, kwa sababu ya herufi. Nakiri kwamba yule mzee pengine angeliendesha lile basi vizuri kuliko wengi wenye C. Lakini bima kubwa inayolikinga gari letu imewekewa sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali ya aina ya gari hilo na awe ameruhusiwa na mwenye gari. Wanafunzi wakiumia, jambo la kwanza kuulizwa ni leseni ya dereva, na swali la breki hufuata baadaye.

Tarehe nazo zina mtego wake. Tangu Julai 2019 leseni hudumu miaka mitano badala ya mitatu ya zamani, na jambo hilo, ambalo ni nafuu kwa mwenye leseni, limekuwa adha kwangu, kwa sababu mtu husahau kwa urahisi zaidi jambo linalomjia mara moja katika miaka mitano. Nimebandika nyuma ya mlango wa ofisi karatasi yenye majina ya madereva na tarehe za leseni zao kuisha, nami huanza kuwakumbusha miezi miwili kabla.

Leseni peke yake, hata hivyo, haimfanyi mtu kuwa dereva wa taasisi ya umma. Tangazo la kazi ya Dereva Daraja la II hudai cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Kisha humpa majukumu ambayo mwenye gari binafsi hayafikirii: kulikagua gari kabla na baada ya safari, kufanya matengenezo madogo madogo, na kujaza daftari la safari kila linapotoka. Daftari hilo ndilo linalonieleza gari lilikuwa mikononi mwa nani saa ngapi, na trafiki wanapoleta faini ya mwendokasi iliyopigwa Ilula au Igawa, ndilo ninalolifungua kwanza.

Sehemu ninayoipa uzito kuliko zote haimo katika karatasi yoyote. Kabla ya kumkabidhi dereva mgeni basi, mimi huketi kando yake tukashuka kutoka mjini hadi Ipogolo. Wasioujua mji wetu wafahamu kwamba umekaa juu ya kilima, na kuifikia barabara kuu ni lazima uteremke. Simtazami anavyokata kona. Namtazama mkono wake: je, amepunguza gia kabla mteremko haujaanza, au ameacha gari lijiporomokee na sasa anaibembeleza breki? Breki za upepo zikikanyagwa na kuachiwa mara kwa mara hupunguza upepo katika matangi kabla kompresa haijaujaza tena, na ngoma zake zikipata moto sana, breki hukosa kushika hata kama upepo upo. Anayeshuka kwa gia ndogo huiachia injini kazi ya kulizuia gari, akaitunza breki kwa ajili ya dharura. Mteremko wa Ipogolo ni mfupi na husamehe. Kitonga, ambayo basi letu huishuka kila liendapo Dar es Salaam, haisamehi, wala mteremko wa Inyala kabla ya kufika Uyole. Dereva anayetia nyutro ili kuokoa mafuta, hata mara moja, mbele yangu, harudi kwenye kiti kile, awe na herufi gani.

Yule mwenye gari dogo hajawahi kukutana na jambo hili, kwa kuwa gari lake lina uzito mdogo na breki zake humtosha hata akikosea. Uzoefu wake ni wa kweli, ila haukupatikana kwenye chombo ninachokilinda.

Upo mlango mmoja ambao chuo chetu kimeuacha wazi. Mtafiti anayekwenda vijijini kwa siku nyingi anaweza kuomba kibali cha kujiendesha kwa pikapu ya mradi, kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wa idara hadi upande wa utawala. Awe na daraja D lisiloisha kabla ya tarehe ya kurudi, tushuke naye Ipogolo kama wengine, asipakie wanafunzi, na gari liwe limeegeshwa ifikapo saa 12 jioni. Fomu hupatikana ofisini kwangu, nami naomba iletwe siku saba kabla ya safari, kwa sababu sahihi ya mwisho hukawia kuliko zote.