Kadi ya msingi haiko kadi rahisi

Juzi nimeisikia tena, mara ya tatu sijui ya ine, mu grupe yetu ya revizio huku Himbi, Goma, pale tunasoma na kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mudogo mmoja wa fakulte ya udaktari ananiambia, miye mkubwa wake: "Gran, miye kadi zangu nimepanga muzuri, za msingi mbele, za nguvu nyuma." Nikamuomba telefone niangalie. Mbele kulikuwa kadi fupi-fupi, zile unajibu hata na usingizi mu macho, nyuma kulikuwa zile ndefu zenye kuanza na "kwa nini". Kumbe kwake msingi maana yake ni kitu chepesi.

Niseme maana haraka: kadi ya msingi ni ile ambayo ukiitoa, kuna kadi ingine haitaeleweka tena. Ni hivyo tu. Kupanga kadi kwa msingi ni kufanya ile inayobeba uione mbele ya ile inayobebwa. Baprofesa wanaita prerekizi, na hata hiyo kwa Kifaransa haisemi chochote juu ya wepesi, ni kitu kinachohitajiwa mbele, basi.

Lakini neno lenyewe njo linanisumbua, juu watu wanalitumia kama vile halina historia. Ukifungua makamusi ya zamani ya Kiswahili, msingi ni ule mtaro unachimba mu udongo mbele ya kupandisha ukuta, kisha likaitwa hivyo na lile jiwe linaloingia mule ndani, kisha ndiyo likahamia mu mambo ya akili, msingi wa somo, msingi wa hoja. Hapa Goma tunasema fondasio, na mtu wa Goma njo angepaswa kuwa wa mwisho kuchanganya fondasio na urahisi! Mjomba wangu ni fundi wa nyumba. Alichimbaga parseli moja mu ile sehemu ya mji lava ya 17 Januari 2002 ilipitia ikishuka ku ziwa, pale hauchimbi udongo, unapasua jiwe. Siku nane za baramini na nyundo kubwa, vijana wawili mikono imetoka malengelenge, na mwenye parseli kila jioni anakuja kuuliza kwa nini haoni nyumba. Ukuta wa mbao ulivyofika zamu yake, siku tatu ukawa umesimama, na njo ule watu walisifia. Sasa niambie kati ya mtaro na ukuta, rahisi ni gani?

Kadi nazo ni vile vile. Tuchukue drepanositozi (drepano, au selimundu), ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kila stajieri, mwanafunzi wa mazoezi, wa pediatri hapa anakutana nao wiki ya kwanza. Yule mudogo mbele kabisa aliweka kadi hii: alama ya mapema ya drepano kwa mtoto mdogo? Jibu: mikono na miguu kuvimba na kuuma. Rahisi, unaiona mara moja haikutoki. Lakini hakuna kadi inayosimama juu yake, ni bati la nyumba ile. Kisha alikuwa na ingine: kwa nini mtoto wa drepano haonyeshi dalili miezi ya kwanza kwanza, mpaka karibu miezi 6? Hiyo alikuwa anaikosea kila inaporudi, mpaka Anki, ile programu ya kadi mu telefone, ikaipa jina la mruba. (Kwa kawaida kadi ukishaisahau mara 8 programu inaitia alama hiyo, inanyonya damu ya wakati wako, jina limefaa.) Akaamua ile kadi ni ya nguvu, akaisukuma nyuma zaidi.

Haikuwa ya nguvu, ilikuwa bila fondasio. Ya kuitegemeza ilikuwa kadi mbili kavu kabisa za biokemi: hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mtu mkubwa ina minyororo 2 ya alfa na 2 ya beta, ya mtoto wa tumboni ina 2 ya alfa na 2 ya gama. Ongeza ya tatu, kwamba kosa la drepano liko ku mnyororo wa beta, nafasi ya 6, valini imekaa pahali pa asidi glutamiki (zote mbili ni amino asidi, vipande vya mnyororo). Ukiwa nazo tatu zile, jibu linajitoa lenyewe: mtoto anazaliwa akiwa bado anatumia zaidi ile ya gama, kosa liko ku beta, gama inavyopunguka na beta kushika zamu njo ugonjwa unajionyesha. Hizo tatu alikuwa nazo mu telefone. Ziko kadi ya 300 na kitu, juu kwake "namba namba hizi ni ngumu, nitaziona nikishakomaa".

Na hapa kuna kakitu ingine: msingi ni neno lenye kudai "wa". Hausemi tu "huyu ni mama", watu watakuuliza mama wa nani. Kadi ya hemoglobini ya gama ni msingi wa ile ya miezi 6, lakini yenyewe iko juu ya ile inayosema protini ni mnyororo wa amino asidi. Kwa hiyo hakuna boksi moja la kuandika "MSINGI" kisha umemaliza, na pakiti ukiipata imeshapangwa na wengine, kama zile za Wamarekani za USMLE, mtihani wao wa udaktari, ujue wameipanga kwa kuta zao.

Boksi! Hiyo nayo. Wale wanaokata kadi zao mu bristoli, karatasi ngumu, na siwalaumu, na vile umeme unakatika, wanasema "kadi za msingi ziko mu boksi ya kwanza". Hapana jamani. Njia ya maboksi, ile Sebastian Leitner alieleza kwa Kijerumani mwaka 1972, boksi ya kwanza ni ya kadi ambazo haujashika bado, ndiyo maana unazipitia mara nyingi. Ukijibu vizuri inasonga mbele, ukikosea inarudi kule mwanzo. Boksi linakuambia habari yako wewe, halikuambii habari ya kadi. Kadi ya msingi kabisa inaweza kukaa boksi ya tano kama umeishika, na takataka ikabakia mu ya kwanza mwezi mzima.

Ndiyo maana pia haina faida kuhangaika kupanga upya kadi ambazo umeshaanza kurudilia. Mpangilio wa msingi ni wa siku ya kwanza kukutana na kadi, basi, baada ya pale kila kadi inarudi kwa tarehe yake yenyewe kufuatana na vile unaisahau. Mu Anki hata kile kitufe cha kubadilisha nafasi kinagusa kadi mpya tu, na usipochokoza mipangilio yake, kadi mpya inazitoa vile zilivyoingizwa, 20 kwa siku. Kwa hiyo ukiingiza ukuta mbele ya mtaro, itakuletea ukuta. Haijui.

Yule mudogo sikumugombeza, hata miye mwaka wa pili nilifanya hivyo na fizioloji ya figo. Tulitoa zile kadi tatu kule nyuma tukazileta mbele ya mruba wake, dakika tano haikufika. Akauliza: "Sasa gran, na zile za kuvimba mikono nizitoe?" Nikamwambia ziache pale pale ziko muzuri, ila usiziite za msingi, na siku utaniambia kadi ni ya msingi nitakuuliza wa nini.